Nilivyogombania nyota nyekundu kwenye fomu ya chuo cha Jeddah, mimi dada wa kazi

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Halafu grrrr, mtetemo juu ya mbao.

Huo ni mlio wa kitochi, simu ndogo ya dukani, kikiwa ndani ya droo, Muheza, mchana, wateja wamejaa mpaka barazani. Mwaka wa nne sasa sijausikia, lakini nikiwa naosha vyombo huku Riyadh unanijia sikioni mpaka nageuka kutafuta droo.

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni, wa umri wangu mambo vipi. Humu mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo nimeamua kufungua mdomo. Nitakayosimulia yamenipata mwenyewe, na nilipokosea nitasema nilikosea. Najua wapo watakaosema hii chai, nimeitunga. Chai kunyweni, mimi naendelea.

Naitwa Hawa. Shule yangu ni form four, division four, na sioni aibu. Baada ya shule niliajiriwa stationery moja mjini kwetu. Photocopy, passport size, lamination, kadi za harusi. Kadi za harusi nilikuwa napamba mimi, na bosi alikuwa anasema nina jicho. Hapo ndipo ndoto ya kutengeneza website ilinianza. Nikawa naangalia video kwenye simu mpaka bando linakata.

Ukifika msimu wa maombi ya vyuo, duka linafurika. Watoto wa form six wanakuja na vyeti kwenye bahasha ya kaki, wanataka kujaziwa fomu mtandaoni. Email hawana. Wengine simu hawana, au iko moja nyumbani na baba ameondoka nayo.

Tunafanyaje? Tunaweka email ya duka na namba ya duka. Mliopitia stationery mnajua, ni kawaida kabisa. Ile namba ilikuwa kwenye kitochi, na kitochi kinakaa droo.

Sasa kulikuwa na Zuhura, jirani yetu. Mama yake anauza machungwa stendi. Zuhura alikuwa na kichwa, jamani. Mimi ndiye niliyemjazia fomu, nikaweka namba ya duka kama kawaida.

Akachaguliwa. Ujumbe wa kumtaka athibitishe nafasi ukaja.

Ti-ti-ti.

Niliusikia wakuu. Msije mkasema sikusikia. Nilikuwa na mama mmoja ananiharakisha cheti chake kiingie lamination, nikasema moyoni nitaangalia baadaye. Baadaye ikawa jioni, jioni nikasahau. Nilipokuja kufungua ile droo dirisha la kuthibitisha lilikuwa limeshafungwa.

Nikamwambia Zuhura ni network, ujumbe umechelewa.

Akaniambia, "Basi dada Hawa, haikuwa riziki." Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Mjomba aliyekuwa amsomeshe akasema amechoka na habari za mwaka kesho. Zuhura akaenda Korogwe kwa shangazi yake kujifunza cherehani. Na mimi nikabaki na ule mlio.

Tuje huku.

Nilikuja Saudia kupitia wakala wa Dar. Kwenye makaratasi yangu yote, kila penye sehemu ya simu, aliandika namba yake yeye. Hata nyuma ya passport akabandika stika, jina lake na namba yake, kama mzigo wa basi. Mama yangu alikaa siku tisa hajui kama nimefika au nimeanguka njiani, kwa sababu namba aliyokuwa nayo ni ya wakala, na wakala alikuwa hapokei.

Nyumba ninayofanyia iko Naseem, hapa hapa Riyadh. Nisimseme vibaya Madam wangu. Passport yangu nakaa nayo mwenyewe, simu ninayo, Ijumaa napumzika. Ulimi wake ndio mkali. Ana mtoto mmoja wa kike tunamwita Juju, ana mwaka na nusu, halali bila kubebwa mgongoni na kanga yangu ya kisutu. Mwanzoni Madam aligombana na ile kanga. Alipoona mtoto analala saa mbili mfululizo akanyamaza.

Madam anatengeneza website, anafanyia nyumbani. Wakuu, fikirieni mimi na ndoto yangu naletwa na ndege mpaka kwenye nyumba ya mtengeneza website! Nilikuwa nafuta vumbi meza yake mara tatu kwa siku ili nione anafanya nini.

Mwaka jana akapata kazi kubwa. Chuo kimoja binafsi cha Jeddah kilitaka website ya kuvuta wanafunzi kutoka nje ya mkoa wao. Wa Riyadh, wa Dammam, na wa nchi za nje pia. Wa Jeddah wenyewe wanao, walitaka wanaotoka mbali.

Siku moja napeleka kahawa, nikaona ukurasa wa mbele. Geti la chuo. Chemchemi ya maji inaruka. Picha ya mkuu wa chuo. Jengo. Jengo lingine.

Nikacheka.

"Unacheka nini, Hawa?"

"Madam, mtoto akitoka mbali atalala kwenye chemchemi?"

Akaniangalia. Nikajua nimeharibu. Lakini akasema, "Kaa. Wewe ungeweka nini?"

Nikamwambia, mimi nimetoka mbali, kwa hiyo namjua mama wa anayetoka mbali. Hataki geti. Anataka kuona kitanda. Anataka kujua mwanawe atakula nini asubuhi, mlango unafungwa na nani, akiumwa nani atamkalia. Picha ya mkuu wa chuo itamfaa nini? Muonyeshe matron.

Akaandika. Wiki ile ile akaomba chuo picha za bweni na jiko. Akaweka na jina la mama anayeshika funguo za bweni la wasichana. Ukurasa ukapumua. Tangu hapo akawa ananiita, "Hawa, njoo uone," mpaka Baba, mume wake, anamtania, "Basi umwajiri kama fundi, vyombo nioshe mimi."

Nilikuwa na furaha sijui niwaelezeje. Mpaka alipofika kwenye fomu ya maombi.

Juu kabisa kulikuwa na kisanduku: namba ya simu na email ya ofisi inayomwombea mwanafunzi. Pembeni yake nyota nyekundu. Mnaojaza fomu mnajua, nyota nyekundu maana yake usipojaza husogei mbele. Chini kabisa, baada ya jina la babu na namba ya faili, kulikuwa na namba ya mwanafunzi mwenyewe. Haina nyota. Ukitaka jaza, usipotaka acha.

Nikaliweka sinia chini.

Huku kuna ofisi wanaita khadamat. Ni stationery zetu kabisa, tofauti yake zina kiyoyozi. Unaenda na makaratasi yako wanakujazia. Na wanafunzi wa nje wanapitia mawakala. Chuo kilizoea kuwasiliana na hao, ndio kikataka nyota ikae pale.

"Madam, nyota hii iko mahali pabaya."

"Chuo ndicho kilichotaka."

"Majibu yatakaa kwenye droo."

"Droo gani? Hawa, halas, basi. Juju anakuita."

Nilirudia kesho yake. Nikarudia wiki iliyofuata. Mara ya tatu akanipa ile sauti ya barafu: "Picha ni picha, nimekusikiliza. Fomu ni ya chuo. Kazi yako ni Juju."

Nikamfuata Juju, lakini rohoni sikukubali. Kila nikiiona ile nyota naona Zuhura.

Ikafika siku ya kwenda Jeddah kuonyesha kazi. Mama yake Madam, ambaye hukaa na Juju, alikuwa Umra. Ikabidi tuende wote watatu. Kabla ya kutoka Madam akaninyooshea kidole: "Kule husemi neno. Hata moja. Ukiniaibisha nakurudisha ofisini." Anamaanisha ofisi ya wafanyakazi, ile unayokaa ukisubiri nyumba nyingine au ndege ya kurudi. Hakuna dada wa kazi asiyeiogopa.

Tukashuka Jeddah, joto lenye maji kama la kwetu Tanga. Abaya imenigandia kabla hatujafika kwenye gari.

Niliambiwa nisubiri kwenye korido na mtoto. Lakini ukuta wa chumba cha meeting ni kioo, Juju akamwona mama yake, akapiga kelele mpaka watu wakatoka maofisini. Ikabidi tuingizwe. Nikakaa kona ya printer, nikamfunga mgongoni, akaanza kusinzia.

Mezani walikuwa watatu. Madam. Mkurugenzi wa udahili, wanamwita Daktari, mtu wa makamo, shumagi, kile kitambaa chao cha kichwani, imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ameivaa. Na dada mmoja wa ofisini mwenye kompyuta iliyounganishwa na skrini ya ukutani.

Madam akaonyesha kazi yake, na wakuu, ilipendeza. Walipofika kitanda cha bweni yule dada wa ofisini akatabasamu kabisa.

Halafu Daktari akasema:

"Nzuri. Kwa sababu tatizo letu si kuombwa. Wa mbali wanaomba wengi. Tunawakubali, tunawatumia ujumbe, kimya. Hawathibitishi, hawaji. Wanatudharau. Labda website ilikuwa haina mvuto."

Kimya. Alisema kimya.

"Siyo kimya," nikasikia sauti. Ni yangu. "Ujumbe uko ndani ya droo."

Wote wakageuka kona ya printer.

"Huyu nani?" Daktari akauliza.

"Ni... ananilelea mtoto. Samahani sana, Daktari." Madam hata hakuniangalia. "Hawa, toka nje."

Nikasimama. Sitawadanganya, nilikuwa natoka kweli. Nilishafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa.

Grrrr.

Simu ya Daktari ilitetemeka juu ya meza ya mbao. Akanyoosha mkono, akaisoma papo hapo, akaiweka.

Basi. Nikarudi.

"Daktari, simu yako ikilia unachukua wewe. Ya kwao ikilia anachukua nani?"

"Hawa!"

"Madam, nisamehe, utanirudisha kesho. Leo ngoja niseme."

Sasa wakuu, lazima niwaeleze Kiarabu changu. Sikukisomea. Nimejifunzia jikoni, kwa kuagizwa: lete, funga, osha, fungua, yalla. Maneno ninayoyajua vizuri ni ya amri tu. Kwa hiyo kila nikifungua mdomo nasikika kama mama mwenye nyumba. Sikukusudia. Ndicho nilichonacho.

"Fungua orodha," nikamwambia Daktari.

"Orodha gani?"

"Ya waliokaa kimya. Fungua."

Daktari akamgeukia Madam. "Shaghala wako ananifundisha kazi?" Shaghala ndiyo mfanyakazi wa ndani, na alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya tende. Madam akawa mwekundu. Lakini yule dada wa ofisini, Mungu ambariki, alikuwa ameshabonyeza. Orodha ikaja ukutani.

"Angalia majina."

Majina tofauti. Huyu wa Riyadh, huyu wa Dammam, wawili wa nchi za nje.

"Sasa angalia simu."

Namba moja. Jina lingine, namba ile ile. Lingine, ile ile.

"Shuka chini," nikasema. Dada akashuka. Namba ile ile. "Shuka tena." Ikaja namba nyingine, nayo ikaanza kujirudia. "Shuka."

Daktari akasogea karibu na skrini.

"Hii namba ni ya nani?" Daktari akauliza, sauti imepungua.

Dada akajibu polepole, "Ya juu ni ofisi ya khadamat, Daktari. Hii nyingine ni ya wakala wa nje."

"Mpigie," nikasema.

Naapa sijui kwa nini Daktari alinitii. Labda mazoea ya kuagizwa na mama yake. Alipiga, akaweka loudspeaker. Ikaita, ikaita, ikapokelewa na mtu mwenye kelele za watu nyuma yake.

"Khadamat. Leo tumejaa, ndugu yangu, njoo kesho." Akakata.

Alimkatia Daktari wakuu!

Yule dada akaficha mdomo kwa mtandio. Mimi sikucheka. Ile sauti naijua. Ni yangu mimi, Muheza, na cheti cha mtu mkononi.

Nikawaambia. Kwa Kiarabu changu kibovu nikawaambia nilikuwa mtu wa droo. Simu ililia nikasikia nikaiacha, na msichana mmoja akapoteza chuo, akafikiri Mungu ndiye aliyemnyima. "Hao wako hawakudharau," nikamwambia Daktari. "Hawajui kama uliwaita."

Akanywa maji. "Na kama mwanafunzi hana simu?"

"Ana mama. Ana kaka. Ana jirani. Muulize. Weka ya mtu anayemkimbilia. Ofisi ibaki, isipewe nyota tu. Nyota mpe mwenye jina."

Daktari akafunga faili lake. Akamwambia Madam, siyo mimi, "Nyota ihamishwe. Na ujumbe uende kote kuwili."

Kwangu mimi alisema neno moja tu: "Mtoto anaamka."

Kwenye lifti Madam alikuwa anaangalia namba za ghorofa. Mimi naangalia viatu vyangu.

"Unajua umemwambia Daktari 'shuka' mara ngapi?"

"Mara tatu, madam." Ingawa nilikuwa namwambia yule dada.

"Nilikuambia toka nje, ukakataa."

"Nilikataa, madam."

"Naweza kukurudisha ofisini."

"Unaweza." Na sauti haikunitetemeka. Nilishangaa mwenyewe. "Lakini nyota imehama."

Akageuka kuniangalia. Nilimwona anatafuta neno kali, na huwa hayamkosi. Halafu akakunja pua.

"Yalla, mshushe Juju. Amekulowesha mgongo wote."

Kweli. Nilikuwa nimelowa kuanzia mabegani. Nilisimama mbele ya Daktari nikitoa amri na mkojo unanitiririka, nikadhani ni jasho la Jeddah.

Tuliporudi Naseem hakusema asante, na wala sikuisubiri. Asubuhi nilikuwa jikoni nakata bamia. Akaja na laptop, akasogeza sinia langu pembeni, akaiweka mbele yangu. Fomu imefunguka. Namba ya mwanafunzi iko juu kabisa, chini ya jina lake. Nyota bado.

"Bonyeza wewe," akasema. "Nawa mikono kwanza, ina utelezi wa bamia."

Nikanawa. Nikabonyeza. Nyota ikatokea, nyekundu, ndogo kama punje ya mtama.

Website sasa iko hewani. Chini kabisa kuna jina la Madam, langu halipo. Nikamwambia nitaiandika kwenye CV yangu, apende asipende. Akasema, "Andika. Wakinipigia nitawaambia kweli, na nitawaambia pia una mdomo."

Sawa. Mdomo ninao.

Bado lilibaki la Zuhura. Ijumaa ile nikamtumia voice note ndefu, nalia humo ndani kama mtoto. Nikamwambia haikuwa network. Nilisikia simu, nikaiacha.

Alikaa mpaka jioni ndipo akajibu. Nyuma yake nasikia cherehani.

"Dada Hawa, nilijua. Bosi wako aliuona ule ujumbe kwenye kitochi, akaniambia mwaka ule ule. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe." Cherehani ikasimama. "Iliniuma, sikufichi. Ilikuwa inaniuma zaidi ukinisalimia unacheka. Sasa basi. Na ukirudi uniletee udi mzuri, usije ukaniambia umeusahau kwenye droo."

Nimeisikiliza mara nyingi. Kusamehewa sijui kama nimesamehewa kabisa. Lakini ameomba udi, na mtu uliyemfungia mlango humuombi udi. Amesema mwaka huu ataomba chuo tena, kwa simu yake mwenyewe, na fomu atajaza kwa mkono wake. Nikamwambia nimuelekeze kwa video call. Akasema nitazame tu, nisiguse.

Wakuu, nilichojifunza. Wenye stationery, wenye khadamat, mawakala, na wewe kaka mwenye simu nzuri unayewajazia wadogo zako: usiweke namba yako kwenye maisha ya mtu mwingine. Unadhani unamsaidia, kumbe umemweka kwenye droo, na siku yake ikija utakuwa na wateja. Na nyie mnaotengeneza hizo website na ma-form, kabla ya kuweka chemchemi, muulizeni aliyetoka mbali. Huenda yupo hapo hapo anakuletea kahawa.

Wa kunitukana kwamba nimemvunjia bosi heshima, njooni. Wa kusema ningerudishwa ningekoma, njooni pia, kiti kipo. Ila aliyewahi kupoteza nafasi kwa sababu ujumbe ulikwenda kwa mtu mwingine, wewe ndiye ninayetaka kukusoma zaidi.

Usiku wa kuamkia jana... hapana, ilikuwa alfajiri, Juju bado amelala. Nilitoa passport yangu chini ya godoro. Ile stika ya wakala ilikuwa bado ipo nyuma, imegeuka rangi ya chai. Nikaibandua kwa kucha, kidogo kidogo, ikawa inaacha gundi, nikaisugua kwa mafuta ya kupikia mpaka ikaisha.

Halafu nikafungua ukurasa ule wa mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura. Wakala alikuwa ameandika namba yake kwa penseli.

Nikafuta kwa raba ya Juju. Nikachukua peni, nikaandika namba ya mama.